Wajir ni ya nani? Uliza visima

Wasee, wiki jana nilikuwa nimekaa kibandani na shaah yangu, napitia simu, nikaangukia video ya kijana mmoja wa Hyderabad, India. Anatembea mtaani akieleza mji wake. Hapa ni Charminar, ilijengwa 1591. Pale ni mtaa unaitwa Barkas, na jina lenyewe limetoka kwa neno la Kiingereza la kambi ya askari, kwa sababu askari Waarabu kutoka Yemen waliishi hapo wakimtumikia mtawala wa mji, Nizam. Halafu akafika mtaa mwingine, AC Guards, uliopewa jina la wapanda farasi Waafrika. Waafrika, manze! Watu waliovuka bahari kutoka upande wetu huu, vitukuu vyao wako Hyderabad mpaka leo wanapika biriani.

Kijana anasema haya yote kwa raha, kama mtu anayekuonyesha picha za harusi ya dada yake. Hakuna mahali alisema, "Hawa si wa hapa."

Nikajiuliza: nani amewahi kueleza Wajir hivyo? Sisi wa Eldas, Wajir ndio mji wetu. Ukiugua sana unapelekwa Wajir, ukitafuta kitambulisho ni Wajir, ukitaka kupanda gari la Nairobi unaanzia Wajir. Lakini stori tunayojua juu yake ni moja tu: mji huu ni wa nani, na nani alikuja juzi. Uchaguzi ukikaribia, hiyo stori inageuka petroli.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, na stori ndefu sina haja nayo leo. Lakini kitu kimoja nilichobeba kutoka Nairobi ni swali nililoulizwa karibu kila wiki: "Wewe ni Mkenya kweli, ama ulivuka mpaka?" Nikarudi nyumbani nikidhani swali limeisha. Kumbe huku nako liko, limebadilisha nguo tu: "Nyinyi ukoo wenu mlifika hapa lini?" Kwa hivyo leo wacha nijibu yote mawili pamoja.

Tuanze chini, kwa mawe. Wajir iko pale ilipo kwa sababu moja: maji. Kaunti nzima ina karibu kilomita mraba 56,000, mingi ikiwa tambarare kavu. Mto wa kudumu hakuna. Lakini chini ya mji kuna mwamba wa chokaa, na maji yamekaa karibu sana na uso wa ardhi. Unachimba kidogo tu, unafika. Ndio maana kuna visima vingi ndani ya mji na pembezoni, vile vya Orahey vikiwa maarufu. Chokaa hiyohiyo ndiyo watu walijengea, ndio sababu majengo ya zamani ya Wajir ni meupe, mgeni anadhani amefika mji wa Uarabuni.

Maji hayo ya karibu yana bei yake. Choo cha shimo huwezi kuchimba, utakuwa unachimba kwenye kikombe cha jirani yako. Kwa hivyo kwa miaka mingi mji ulitumia vyoo vya ndoo, na watu wakichelewa kuja kumwaga, kila mtu anajua. Kipindupindu kikiingia kinapata njia rahisi. Nasema hili makusudi. Kile kitu kilichofanya mji uwepo ndicho kinachotulazimisha tuishi kwa adabu na jirani. Ukichafua kwako, umechafua kisima cha mwingine.

Sasa, nani alichimba visima? Uliza mzee yeyote, atakwambia ni Madanle. Wasomali wanasimulia, Waborana wanasimulia: watu warefu ajabu, wenye nguvu, waliokuwa hapa kabla ya wote, wakachimba visima vya Wajir na vya El Wak, kisha wakaondoka. Mimi hiyo stori naipenda kwa sababu moja. Hata wazee wetu, wenye kumbukumbu ya mababu ishirini, wanakubali kwamba mchimbaji wa kwanza hakuwa mmoja wetu. Sisi sote tulikuta mashimo yako wazi.

Angalia majina. "El" ni kisima kwa Kisomali. El Wak ni kisima cha Waaq, na Waaq ni jina la Mungu ambalo Waborana wanalo mpaka leo na Wasomali walikuwa nalo kabla ya Uislamu. Jina moja, watu wawili. Eldas ya kwetu pia, sikiliza linavyoanza. Na Wajir yenyewe? Wengi husema ni neno la Kiborana lenye maana ya kuwa pamoja. Kwa lugha yao "wajjin" ni pamoja na. Wasomali tumejaa mji mzima, tunapigania nani ni mwenyewe, na jina la mji tunalitamka kwa lugha ya watu wengine.

Waborana walikuwa na nguvu kwenye visima hivi mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita. Waajuran waliishi nao kwa mapatano, wakinywesha mifugo pamoja, mpaka leo kaskazini mwa kaunti kuna Waajuran ambao Kiborana ndicho lugha ya nyumbani. Ni Wasomali? Ndio. Wanaongea Kiborana? Ndio. Huyo utamweka kwenye sanduku gani? Kisha koo nyingine za Wasomali zikasogea kutoka mashariki na kaskazini, Wadegodia, Waogaden na wengine, zikifuata malisho na maji kama kila aliyetangulia.

Waingereza walifika 1912 wakaweka kituo. Hawakuja kwa mapenzi ya jua la huku. Waliona kwamba anayeshika visima ameshika kila mtu mwenye ngamia. Nyuma ya kituo wakaja watu wapya: askari na wafanyabiashara wa Kisomali wa koo za Isaaq na Herti, waliokuwa wamezunguka na Waingereza kutoka pande za Aden na Kismayu. Kwenye vituo hivi vya kaskazini wakaja pia Waarabu na Wahindi wenye maduka. Pesa ya Kenya nzima wakati huo ilikuwa rupia ya India, na ilitumika mpaka 1920. Sasa fikiria meza ya iftari ya nyumbani kwenu. Sambuus ilisafiri kutoka Uajemi ikapita kila bandari ya bahari hii. Chai ya maziwa na viungo, India imo ndani. Wali wenye zabibu kavu, hivyohivyo. Yule kijana wa Hyderabad ukimkaribisha Wajir mwezi wa Ramadhani, hataona chakula kigeni mezani.

Wazungu nao waliacha kichekesho. Maofisa wa kikoloni walianzisha klabu yao ya pombe wakaiita Royal Wajir Yacht Club. Yaani klabu ya mashua, kwenye mji ambao bahari iko zaidi ya kilomita 300! Ilikuwa utani wa watu waliochoka na vumbi.

Lakini sheria zao hazikuwa utani. Walifanya kaskazini yote eneo lililofungwa: kuingia ama kutoka ulihitaji kibali. Na mwaka 1934 wakakaza zaidi kwa sheria ya wilaya maalum. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 walichora mstari kwenye ramani: Wasomali huku, Waborana kule. Waborana wakasukumwa upande wa Isiolo, wakaviacha visima vya Wajir. Watu walikuwa wanagombana kabla ya hapo, sitadanganya, na damu ilimwagika. Lakini kabla ya mstari, ugomvi wa kisima ulikuwa na dawa: unapatana, unaoa, unapewa zamu ya kunywesha. Baada ya mstari, kisima kikawa na kabila. Hiyo fikra ya "huku ni kwetu, nyinyi rudini kwenu" tunaiita mila ya mababu. Manze, ni karatasi ya ofisi ya mkoloni.

Halafu vita vikuu vya pili. Juni 1940 Italia iliingia vitani na ndege zake zikaja kupiga Wajir. Wajir ikajaa majeshi. Waghana, wakati huo nchi yao ikiitwa Gold Coast, walipigana El Wak Desemba 1940. Mpaka leo Accra kuna uwanja wa michezo unaitwa El-Wak. Vijana wa Ghana wanacheza mpira kwenye uwanja wenye jina la kisima chetu, na sisi hatujui.

Uhuru ulipokaribia, tume ilikuja 1962 kuuliza watu wa kaskazini wanataka nini. Wengi walisema wanataka kujiunga na Somalia. Hawakusikizwa. Desemba 1963, siku chache baada ya bendera kupandishwa, huku kukatangazwa hali ya hatari, na vita vya Shifta vikaendelea mpaka mapatano ya 1967. Vita viliisha, sheria za hatari zikabaki mpaka 1991. Kwa hivyo ukiona mzee wa Wajir anashika kitambulisho kama yai, usimcheke.

Ayeeyo wangu ni msimulizi. Atakupa ukame kwa jina, atakupa harusi na idadi ya ngamia. Akifika 1984 anasimama, anasema anaenda kuweka chai. Februari 10 mwaka huo, wanaume Wadegodia walikusanywa wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi mwa mji. Walikaa juani siku kadhaa, bila maji, na wengi waliuawa. Serikali kwanza ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakubali 380. Tume ya ukweli na haki iliyotoa ripoti 2013 ilisema ni karibu elfu moja ama zaidi, na walionusurika wanasema ni maelfu. Bila maji, karibu na mji wa visima. Hiyo sehemu mimi huwa siwezi kuipita haraka.

Kati ya waliookota maiti na waliojeruhiwa alikuwa mwanamke Mtaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir. Alisaidia majina ya waliokufa yajulikane nje, na baadaye akalazimika kuondoka Kenya. Alipata tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa 2003, na mwaka huohuo akauawa Borama alikokuwa akiendelea na kazi. Mkristo, mzungu, bila ukoo. Ukitaka kuhesabu wenye Wajir, utamwacha nje?

Ya mwisho ndiyo inayonihusu zaidi. Kuanzia 1992 koo zetu wenyewe zilipigana. Hakuna Mwingereza, hakuna Mtaliano, sisi kwa sisi. Ilifika mahali sokoni mwanamke wa ukoo huu haruhusiwi kumuuzia ama kununua kwa wa ukoo ule. Wanawake wachache, mmoja akiwa Dekha Ibrahim Abdi, walikutana kwenye harusi wakasema imetosha. Hawakuanza na hotuba. Walianza na soko: walihakikisha kila siku kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, anaweza kuuza na kununua. Kisha wakaenda kwa wazee. Septemba 1993 wazee wa koo zote walitia sahihi mapatano ya Al-Fatah. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011. Mimi nilisoma historia darasa la kwanza mpaka chuo. Jina lake sikuwahi kulisikia darasani hata siku moja.

Kwa hivyo, wewe uliyeniuliza Nairobi kama mimi ni Mkenya: Wajir ilikuwa na visima, mapatano na biashara kabla Kenya haijapata jina. Na wewe ndugu yangu wa huku unayeniuliza ukoo wangu ulifika lini: tulifika tukiwa na kiu, kama wa kwenu. Ukoo wangu sitaji hapa, na ukianza kuukisia kwa jinsi nilivyoandika, rudi juu usome tena.

Naomba kitu kimoja kabla ya kampeni kupamba moto. Nenda kwa ayeeyo ama awowe wako, na simu yako ikiwa inarekodi. Usimuulize ukoo gani ulimiliki kisima. Muulize aliwahi kunywa maji kwenye kisima cha watu gani, na nani alimvutia kamba. Mimi nilimuuliza wangu jana. Alitaja mwanamke wa Kiborana, wakiwa wasichana wote wawili. Jina lake bado analikumbuka.