Nyuzi za Kiwandani Zilivyopata Nafasi Katika Kitabu cha Ushuru

Mwaka 1889, kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Paris, Mfaransa Hilaire de Chardonnet alionyesha nyuzi zilizong'aa kama hariri lakini hazikutoka kwa kiwavi. Alizitengeneza kwa selulosi, maada inayojenga miti na pamba. Nyuzi hizo zilipoanza kuvuka mipaka, forodha ilikabiliwa na swali jipya: bidhaa inayofanana na hariri, lakini si hariri, itozwe ushuru gani?

Mwanzoni jibu lilifuata macho. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1922 iliiweka hariri bandia katika jedwali moja na hariri yenyewe. Mwaka 1930 hariri hiyo bandia, sasa ikiitwa reyoni, ikapewa jedwali lake, na sheria ikaeleza kuwa nyuzi za aina hiyo ni zile zinazotokana na selulosi. Miaka minane baadaye, Oktoba 1938, kampuni ya DuPont ilitangaza nailoni, iliyotokana na kazi ya Wallace Carothers, ambayo haina selulosi hata chembe. Mwaka 1941, Waingereza Whinfield na Dickson wakabuni polista. Maelezo ya 1930 yalikuwa yamepitwa na wakati.

Tarehe 15 Desemba 1950, mataifa yalitia saini mjini Brussels mkataba wa kupanga bidhaa kwa utaratibu mmoja. Hata humo, desturi ya kutazama mfanano ilibaki: nyuzi ndefu za kiwandani zilipewa sura ya 51, jirani na hariri, na zile zilizokatwa vipande vifupi zikawekwa sura ya 56, jirani na pamba.

Mageuzi makubwa yalikuja na Mfumo Uliooanishwa wa kupanga bidhaa, maarufu kama HS, uliopitishwa Juni 1983 na kuanza kutumika Januari 1, 1988. Nyuzi za asili zilitangulia: hariri sura ya 50, sufu 51, pamba 52, mkonge na jamii zake 53. Zile za kiwandani zikafuata pamoja, ndefu katika sura ya 54 na fupi katika 55. Zikagawanywa pia kwa asili yake. Nailoni na polista, ambazo polima yake, yaani molekuli ndefu zinazounda uzi, huundwa kiwandani, ni nyuzi sanisi. Reyoni na asetati, zitokanazo na polima ya asili iliyobadilishwa kwa kemikali, ni nyuzi bandia.

Kwa kuwa macho hayatoshi, maabara huamua. Asetati huyeyuka katika asetoni, na nailoni katika asidi ya fomiki, ilhali polista huhimili asidi hiyo.

Vitambaa vya mchanganyiko hupimwa kwa uzito. Jora lenye polista asilimia 60 na pamba 40 huenda upande wa polista. Zikiwa nusu kwa nusu, sura yenye namba ya mwisho ndiyo inayoshinda. Aidha, sura za 54 na 55 huhesabiwa pamoja zinapolinganishwa na nyingine. Hivyo kitambaa chenye pamba asilimia 40, polista fupi 35 na nailoni ndefu 25 si cha pamba, ingawa pamba ndiyo nyingi kuliko kila moja ya zile mbili.

Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza Januari 1, 2005, umejengwa juu ya mfumo huo, na ndani yake khanga, kikoi na kitenge vimetajwa kwa majina. Kitambaa kikiandikwa katika sura isiyo yake, viwanda vyetu na wakulima wa pamba hukosa kinga waliyowekewa na sheria, na mwagizaji mwaminifu hushindana na bei ya udanganyifu.

Kwa hiyo, mfanyabiashara, kabla hujalipia mzigo, mdai muuzaji maandishi yanayotaja kila uzi na asilimia yake kwa uzito. Mkabidhi wakala wako wa forodha maandishi hayo kabla shehena haijafika bandarini.