Mwamgongo na Miji ya Mgongoni mwa Mlima

Desturi ya wasafiri, tangu karne ya 19 hata leo, ni kuisifu milima ya Ziwa Tanganyika hali wamekaa majini. Aondokaye Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, kwa mashua ya abiria iendayo upande wa Kagunga, huiona kuumeni kwake safu moja ya milima isiyokatika, mabonde yake yakiteremka moja baada ya jingine kama mikunjo ya nguo. Uso wa ziwa uko mita 773 juu ya bahari. Vilele vya ukingo huo vyapita mita 1,500. Na baina ya hivyo viwili hapana tambarare, ila vipande vidogo vya mchanga na kokoto kwenye vinywa vya vijito. Katika kipande kimoja cha namna hiyo, mara tu baada ya mpaka wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, wapo Mwamgongo.

Watu wapendao kuhesabu miji midogo ya milimani iliyo mizuri kutembelewa huitaja Lushoto kwanza, kisha wakaenda Uluguru na nchi ya Wanyakyusa. Mwamgongo hawautaji. Nadhani sababu yake si umbali tu. Wengi hawajui kama uhesabiwe kuwa mji, wala kama ni wa mlimani. Maana waonekana wa ufukweni, nyumba zake zimesongamana kando ya maji, na wenyeji wake wajulikana kwa dagaa. Makala haya yataka kuonyesha kwamba Mwamgongo ni mji wa mlimani kwa historia yake yote, na kwamba mgeni asiyelijua jambo hilo hupita pale asione alichokijia.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, mji ni nyumba nyingi pamoja, zenye msikiti, soko na njia. Bara, neno hilohilo aghalabu lina maana ya boma la mtu mmoja na jamaa zake. Waha, ambao ndio wenye nchi hii, tangu zamani hawakukaa katika vijiji vya kusongamana; kila mwenye nyumba alikaa katika migomba yake, juu ya mgongo wa kilima, na jirani yake akakaa ng'ambo ya bonde, wakisikilizana kwa sauti. Kwa hiyo Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, Burton aliyekuwa akitazamia mji wa biashara mfano wa Unguja alifadhaika sana kuona vibanda vichache tu mahali paitwapo Kawele. Alikuwa ametafuta mji kwa maana ya pwani, katika nchi yenye maana nyingine. Ujiji wakati ule lilikuwa jina la nchi.

Jina la Mwamgongo nalo lafaa kuangaliwa. Katika Kiha, kama katika Kirundi, umugongo ni mgongo wa mtu au wa mnyama, na pia ukingo wa juu wa kilima. Kiswahili kina neno hilohilo na maana hizohizo. Ikiwa mwa ya mwanzo ni ile ya mahali, ambayo Wabantu wengi wanayo, basi Mwamgongo ni "mgongoni". Sitaki kulisisitiza sana jambo hili, kwani majina ya mahali mara nyingi hutoka kwa watu, na watu husahauliwa. Lakini ajabu yake ni kwamba kijiji kilichoko miguuni pa mlima kimeitwa kwa mgongo wake. Ingekuwa jina limetolewa na mtu wa majini, angelitaja mchanga, au kijito, au bandari. Mwenye kusema "mgongoni" anasimama juu.

Wala si jina tu lielekealo juu. Watawala wa Uha, waliopewa cheo cha mwami, walikaa nyanda za juu pamoja na ng'ombe wao, na wasafiri wa karne ya 19 waliambiwa kwamba ilikuwa mwiko kwa mwami wa Ujiji kulitazama ziwa. Mambo ya ufukweni aliachiwa mutware, na ndiye ambaye Waarabu, Wangwana na Wazungu walishughulika naye kwa hongo na kwa ruhusa za kupita. Basi wageni waliziona nchi hizi kwa upande wa mutware. Upande wa mwami hawakuuona kabisa, nao ndio uliokuwa upande wa heshima. Vitabu walivyoandika vina habari nyingi za mitumbwi, na vichache tu vina habari za njia za mlimani.

Na mitumbwi kweli ilipita. Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walikodi mitumbwi miwili kwa Kannena, mkubwa wa Kawele, wakaenda kaskazini mpaka Uvira kutafuta kama mto Rusizi watoka ziwani au waingia. Waliambiwa kwamba waingia, nao hawakufika kuuona. Miaka 13 baadaye, mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walikwenda safari hiyohiyo wakahakikisha neno hilo. Katika habari za mwanzo wa safari Stanley aliandika jina la Niasanga. Nadhani ndilo Nyasanga, jina la kijito kilichomo leo katika sehemu ya kusini ya Gombe. Maana yake ni kwamba mabonde haya yalikuwa na majina, na penye majina pana watu wa kuyataja.

Jambo hili lina uzito kuliko lionekanavyo, na hapa sina budi kukawia kidogo. Mwaka 1943 serikali ya Kiingereza ililifanya bonde la Gombe na mabonde jirani kuwa pori la akiba la wanyama, na watu waliokuwa wakikaa ndani yake wakatakiwa kuondoka. Wavuvi waliruhusiwa kupiga kambi ufukweni kwa muda na kuanika dagaa. Ndio hao ambao Jane Goodall aliwakuta tarehe 14 Julai 1960, aliposhuka pale pamoja na mama yake kuwachunguza sokwe. Mwaka 1968 pori likawa Hifadhi ya Taifa. Toka hapo sifa za Gombe zikaenea dunia nzima, na picha zake zikawafanya watu wengi wadhani kwamba ni msitu wa asili ambao mkono wa mwanadamu haukuugusa.

Lakini ndani ya mabonde yale ipo michikichi mingi. Mchikichi ni mti wa watu. Popote katika mwambao huu uonapo kundi la michikichi penye ardhi nzuri karibu na maji, hapo palikuwa na nyumba, au bibi mmoja alikamua mawese hapo. Ni kweli kwamba wanyama nao huzitawanya mbegu zake; hata hivyo mwanzo wake ni shamba. Na matunda ya mchikichi ni chakula kikubwa cha sokwe wa Gombe kwa mwaka mzima. Kwa hiyo wale sokwe mashuhuri, ambao kwa ajili yao watu waliondolewa, wala chakula ambacho asili yake ni mashamba ya watu walioondolewa. Simlaumu mtu kwa neno hili. Pasipo hifadhi, misitu ile isingekuwapo leo. Ushahidi wake nitautaja sasa hivi. Nasema tu kwamba mandhari ya Gombe ni historia, na sehemu moja ya historia hiyo imeandikwa kwa michikichi kwa kuwa haikuandikwa kwa wino.

Mpaka wa hifadhi ulipowekwa, Mwamgongo ukabaki nje upande wa kaskazini, nao ukawa umebanwa: kusini hifadhi, magharibi maji, mashariki mlima. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za kwanza za kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa kabla ya kazi hiyo kuenea nchi nzima. Waha waliokuwa wametawanyika migongoni wakaagizwa kukaa pamoja. Hivyo sura ya vijiji tuionayo leo katika mkoa huu, nyumba kwa nyumba, ambayo mgeni huiona kuwa ya kale, kwa sehemu kubwa haina umri wa mzee mmoja. Kilicho cha kale ni mashamba ya juu. Mtu akalala chini akalima juu. Na kila asubuhi ya msimu, wanawake kwa wanaume hupanda njia zilizo wima, jembe begani, kwenda kwenye muhogo na maharage katika miteremko ambayo mgeni angeiogopa hata kuitazama.

Udongo wa miteremko ile haukuweza kustahimili. Mapema katika miaka ya 1990 Jane Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona hifadhi imekuwa kisiwa cha kijani katikati ya vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi uitwao TACARE katika vijiji vya jirani, Mwamgongo ukiwa mmoja wao: vitalu vya miti, maji, shule, mikopo midogo kwa wanawake, na baadaye mipango ya matumizi ya ardhi ambayo kwayo vijiji vyenyewe vilitenga misitu yao juu migongoni. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba sehemu nyingine hazikuhitaji kupandwa kitu. Visiki vya miti ya miombo vilikuwa hai chini ya ardhi. Vilipoachwa bila kukatwa wala kuchomwa moto vikachipua vyenyewe. Mgeni akitazama juu kutoka ufukweni akaona msitu mchanga penye mteremko mkali, ajue kwamba anatazama uamuzi wa mkutano wa kijiji.

Nyuma ya migongo hiyo, upande wa mashariki, nchi hubadilika mara moja. Baridi huzidi, migomba hufuatana na kahawa, na njia za miguu hutoka kwa Kalinzi, mji mdogo uliomo katika barabara ya Kigoma na Manyovu, ambao jina lake ni lile la utawala wa zamani wa Nkalinzi. Kalinzi na vijiji vya jirani yake huuza kahawa kwa njia ya ushirika wa Kanyovu, na kahawa hiyo imewahi kuuzwa Marekani kwa jina la Gombe. Kwa maoni yangu, Kalinzi na Mwamgongo ni miji miwili ya mlima mmoja, mmoja wa usoni na mmoja wa kisogoni. Ndizi na maharage ya juu hutafuta dagaa na mawese ya chini; ndivyo ilivyokuwa zamani pia, isipokuwa siku hizo ng'ombe, majembe na chumvi ya Uvinza vilikuwamo katika biashara, na huko Ujiji ushanga ulikuwa fedha.

Kwa mtalii mlima huo ni uzuri. Kwa mtu mwenye haraka ni ukuta. Mwaka 2015, watu walipokimbia Burundi kwa sababu ya machafuko yaliyofuata habari za rais kugombea kipindi cha tatu, makumi ya maelfu waliingia Kagunga, kijiji cha mpakani kilicho kaskazini ya Mwamgongo na chenye umbo kama lake: ufuko mwembamba na mlima nyuma. Barabara haikuwapo. Watu walilala mchangani, kipindupindu kikaingia, na njia ya kutoka ilikuwa ama kuupanda mlima kwa miguu, ama maji. Meli ya Liemba, ile iliyojengwa na Wadachi kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na kurudishwa kazini mwaka 1927, ndiyo iliyowachukua kwa zamu mpaka Kigoma. Mwenye kuiandika historia ya miji hii akasifu mandhari, akaliacha neno hilo, atakuwa ameandika kama mtu wa majini.

Basi aendaye Mwamgongo na apande. Asiridhike kuuona mji akiwa juu ya mashua. Ashuke, aamkie wakubwa wa kijiji kama ilivyo adabu, atafute mwenyeji wa kumwongoza, apande mgongo mmoja wakati wa jioni. Akiwa juu ataliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo, na giza likiingia ataziona taa za wavuvi wa dagaa zikitoka moja moja, kisha zikawa nyingi kama mji wa pili juu ya maji. Zamani walitumia mienge ya moto. Katika miaka ya 1950 zikaja karabai. Siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Asubuhi dagaa hao huanikwa mchangani na kwenye vichanja, na harufu yake humfikia mtu kabla hajaziona nyumba.

Ila ahesabu mwezi kabla ya kufunga safari. Katika siku za mbalamwezi dagaa hawazifuati taa, wavuvi hupumzika, nyavu hushonwa, na ziwa halina hata mwanga mmoja.