Kompyuta za mtumba kwa wanaojifunza seva za Linux, Kilwa na Lindi

KIJANA wa Kilwa Masoko anayetaka kujifunza kuendesha seva za Linux hahitaji chumba chenye kiyoyozi wala mashine mpya ya mamilioni ya shilingi. Anahitaji kompyuta moja kuukuu iliyo nzima, umeme usiomaliza akiba yake, na uvumilivu wa kuandika amri kwenye kioo cheusi kisicho na picha hata moja. Kati ya hivyo vitatu, kompyuta ndiyo inayowaponza wengi. Soko la vifaa vilivyotumika limechanganya mali nzuri na takataka zilizopanguswa vumbi, na mnunuzi aliyetoka umbali wa kilometa 300 hana nafasi ya kurudi dukani kesho yake kudai haki.

Linux yenyewe ilizaliwa kwenye mashine ya kawaida. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliiandika kwenye kompyuta yake ya nyumbani yenye prosesa ya 386. Kwa kuwa ni programu huria, mtu yeyote huichukua bila malipo, huitumia na kuifanyia marekebisho. Hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuibeba bendera hiyo kwa mradi wa Kilinux, ambao Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Haikuwa hatua ndogo kwa nchi ambayo mwaka 1974 Serikali yake ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta.

Kwa anayetafuta mashine ya bei nafuu, tarehe ya kukumbuka ni Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya Core ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta za kizazi cha nne hadi cha saba, ambazo ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa bado zinazitumia, zikaachwa nje ya mlango. Kwa mtumiaji wa Linux mlango huo haumhusu. Mashine iliyokataliwa na Windows 11 itaendesha Debian au Ubuntu Server kwa miaka kadhaa bila kulalamika.

Hata hivyo, Linux nayo ina mipaka yake, na muuzaji hatakwambia. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena programu ya kujisimika kwenye kompyuta za biti 32, hivyo zile Pentium 4 za zamani ziachwe hata zikitolewa bure. Anayelenga ajira katika taasisi zinazotumia Red Hat awe mwangalifu zaidi. Toleo la 10 la mfumo huo, lililotoka Mei 2025, linadai prosesa yenye maagizo ya AVX2, ambayo kwa Intel yalianza na Core za kizazi cha nne mwaka 2013. Pentium na Celeron nyingi za miaka hiyo hiyo hazinayo. AlmaLinux 10, ambayo ni ndugu yake wa bure, ina toleo la pembeni kwa prosesa za zamani kidogo, lakini ni salama zaidi kuanzia kizazi cha nne na kuendelea. ThinkPad T440p, Latitude E6440, OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 zote zimo katika kundi hilo, na vipuri vyake vinapatikana.

Swali la pili ni umbo la mashine, na hapa ndipo vijana wengi huvutwa na macho. Seva halisi ya ofisini, ile bapa inayolazwa kwenye kabati la chuma, huuzwa kwa bei ya kushangaza inapostaafishwa. Inaonekana kama kitu chenyewe. Inavuma kama jenereta na inakunywa umeme kama jenereta inavyokunywa mafuta.

Tufanye hesabu. Seva ya namna hiyo inayotumia wati 200 usiku na mchana humaliza uniti 144 kwa siku 30. Kompyuta ya mezani yenye wati 40 humaliza takribani uniti 29. Kompyuta mpakato yenye wati 20, ikiwa imezimwa kioo chake, humaliza uniti 14 na kidogo. Katika amri ya bei iliyotolewa na EWURA mwaka 2016, wateja wadogo wa majumbani wa daraja la D1 walipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo.

Chukulia kaya inayotumia uniti 60 kwa mwezi. Ikiongeza kompyuta mpakato, inafika uniti 74 na nusu kasoro, bado imo ndani ya bei nafuu, na gharama yote kwa viwango hivyo ni kama shilingi 7,440 kabla ya kodi na tozo. Ikiongeza seva ya ofisini, inafika uniti 204, na gharama inapanda hadi shilingi 52,650. Kaya hiyo pia inakuwa imetumia zaidi ya kile ambacho daraja la D1 lilikusudiwa. Mzazi aliyetoa fedha za ufuta kumnunulia mwanawe mashine ya shilingi laki mbili hataelewa kwa nini LUKU inaisha kila wiki, na kwa kawaida masomo huishia hapo.

Kwa sababu hiyo, pwani ya kusini kompyuta mpakato ndiyo mwalimu bora kuliko zote. Ina kibodi na kioo chake. Betri yake, hata iliyochoka ya kudumu dakika 20, huiokoa mashine umeme unapokatika ghafla katikati ya kuandika kwenye diski. Kioo kilichopasuka au kibodi yenye herufi tatu zisizobonyezeka huishusha bei sana, na kwa seva inayoongozwa kutoka kompyuta nyingine kupitia SSH kasoro hizo si kitu. Kasoro isiyosamehewa ni betri iliyovimba. Hiyo itolewe kabla mashine haijawashwa, wala isitobolewe.

Mahali pa kununua pako karibu na mbali. Kariakoo, Dar es Salaam, ndiko kwenye mzigo mkubwa, na sehemu yake hupitia Dubai kabla ya kufika bandarini. (Watu wa Kilwa, ambao masultani wao waligonga sarafu zao wenyewe za shaba na kufanya biashara na Ghuba kwa karne kadhaa, hawapaswi kuona ajabu.) Karibu zaidi wapo mafundi wa Lindi mjini na Mtwara, ambao mara nyingi wana mashine zilizoachwa na wateja. Halmashauri, mabenki na mashirika nayo huondoa mali chakavu kwa mnada, na matangazo hubandikwa kwenye mbao za ofisi na kuchapishwa magazetini. Kwenye mnada vitu huuzwa kwa mafungu, hivyo wanafunzi watatu au wanne wakichanga wanaweza kuchukua fungu zima na kuunda mashine mbili nzima kutokana na tano mbovu.

Popote inaponunuliwa, idai risiti. Kompyuta isiyo na historia inaweza kuwa ya wizi, na mnunuzi ndiye atakayekutwa nayo.

Kisha ije zamu ya ukaguzi. Nenda na flashi yenye Linux inayowaka bila kusimikwa, umwombe muuzaji nusu saa. Akikataa, aga vizuri uondoke. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, mashine hiyo imefungwa na mwajiri wa zamani, nawe utabaki na mzigo. Amri ya lscpu itakuonyesha kama prosesa ina maagizo ya AVX2 na kama inakubali kuendesha kompyuta pepe, jambo la lazima kwa sababu mashine moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au 16 itakupa seva nne au tano za kujifunzia ndani yake. Programu ya smartctl itasoma maisha ya diski. Saa 40,000 ni sawa na miaka minne na nusu ya kuwaka bila kupumzika, na sekta zilizohamishwa zikianza kuhesabika, diski hiyo ihesabiwe bei ya sifuri. Kumbukumbu ipimwe kwa Memtest86+, japo kwa mzunguko mmoja. Mwisho, chomeka waya wa mtandao uone taa ikiwaka.

Betri ndogo ya CR2032 iliyokufa si sababu ya kuikataa mashine, ila ibadilishwe mapema. Saa ikirudi miaka kumi nyuma kila umeme unapokatika, vyeti vya usalama vya tovuti vitakataliwa, na mwanafunzi atasumbuka siku tatu akidhani kosa liko kwenye mtandao.

Safari ya kutoka Dar es Salaam ni ya kupangiwa. Mashine inayotumwa kama kifurushi cha basi hugongana na magunia hadi Nangurukuru, na diski yenye sahani zinazozunguka haipendi hilo. Ing'oe, uibebe mkononi ukiwa umeifunga kwenye nguo. Ukifika, toa vijiti vya kumbukumbu na kuvirudisha kabla ya kuwasha, kwani mtikisiko huvilegeza. Msimu wa masika una yake: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama.

Adui wa kudumu, lakini, ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu hula miguu ya kumbukumbu, matundu ya nyaya na feni. Mashine isikae dirishani kuelekea pwani, hata kama ndiko kwenye upepo. Iinuliwe kutoka sakafuni, isafishwe kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, na isiachwe imezimwa majuma mengi, kwa sababu joto lake dogo huizuia isinyonye unyevu.

Kuhusu kifurushi cha intaneti, usipakue DVD nzima ya Debian. Faili ndogo ya kusimika kupitia mtandao haifiki gigabaiti moja. Wanafunzi wanaoishi jirani wasimike apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Programu ikishashushwa mara moja na mmoja wao, wengine huichukua humo bila kulipia tena. Mitandao ya simu kwa kawaida haimpi mteja anwani ya peke yake inayofikika kutoka nje, hivyo seva ya nyumbani itahudumia wale walio kwenye mtandao wa ndani tu. Kwa kujifunza inatosha kabisa. DNS, DHCP, tovuti, kugawana mafaili, nakala rudufu, vyote hufanyika bila kutoka nje ya nyumba. Ikiwekwa Kiwix, seva hiyo hiyo inaweza kulipa darasa zima Wikipedia ya Kiswahili bila senti ya kifurushi.

Diski ya mnada mara nyingi huja na mafaili ya mwenyewe wa zamani: mishahara, picha, barua za wagonjwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, taarifa hizo si mchezo wa kupekua. Futa diski yote kwa shred kabla ya kusimika chochote. Kwa diski ya gigabaiti 500 kazi hiyo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo ianzishwe usiku, chaja ikiwa imechomekwa.