Herufi E na Boksi Lililofungwa

Injini ya Probox nyingi mtaani inaitwa 1NZ-FE. Watu wanalijua hilo jina vile wanavyojua namba ya matatu ya kwao, bila kuuliza kila herufi inafanya kazi gani. Ile E ya mwisho ni alama ya Toyota ya kusema kwamba injini hii haina kabureta: petroli yake inapulizwa na nozo, na nozo inaamrishwa na umeme. Ni herufi moja tu, lakini nyuma yake kuna historia ya miaka karibu 70. Sehemu ninayoipenda zaidi ya historia hiyo iliandikwa na watu walioambiwa "hapo usiguse" na wakagusa.

Tuanze na shida yenyewe. Petroli inataka hewa ndiyo iungue, na inaitaka kwa kipimo: gramu moja ya petroli kwa karibu gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, gari linatoa moshi mweusi na mafuta yanaisha kabla ufike unakoenda. Hewa ikizidi, injini inakohoa na kukosa nguvu. Kabureta ilikadiria kipimo hicho kwa vitundu vidogo na mvuto wa hewa inayopita. Ujanja mzuri, lakini kabureta haijui iko wapi. Iseti vizuri Mombasa, halafu panda nayo hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, lakini kabureta inaendelea kumimina kana kwamba bado iko Likoni.

Mfumo wa umeme unauliza kwanza. Kihisi kimoja kinapima shinikizo la hewa, kingine joto, kingine kasi ya injini. Kompyuta inapiga hesabu, kisha inaifungua nozo kwa muda mfupi sana. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kazi yote ya silinda moja, kuanzia kuvuta hewa hadi kutoa moshi, inachukua milisekunde 20. Nozo lazima ifunguke na kufunga ndani ya muda huo, tena na tena, safari nzima.

Wa kwanza kujaribu kuuza kitu kama hicho walikuwa Bendix wa Marekani. Walitangaza mfumo wao, Electrojector, mwaka wa 1957, na mwaka uliofuata ukawekwa kwenye magari machache ya Chrysler. Vifaa vya umeme vya wakati huo havikuhimili maisha ya chini ya boneti, na mengi ya magari hayo yakarudishiwa kabureta. Bosch wa Ujerumani wakaendeleza wazo hilo kwa leseni ya Bendix, na mwaka wa 1967 wakatoa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600. Hiyo D ni ya Druck, yaani shinikizo kwa Kijerumani.

Kilichoipa teknolojia hii nguvu ni moshi. Miji ya California ilikuwa inakohoa, na Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya 1970 ikawalazimisha watengenezaji kupunguza sumu inayotoka kwenye bomba. Kabureta haingeweza kupima kwa makini kiasi hicho. Mwaka wa 1976 Volvo waliuza California magari yenye kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi, kinachoiambia kompyuta kama imekosea kipimo. Mwaka wa 1979 BMW 732i ikaja na Motronic ya Bosch, ambapo kompyuta moja ya kidijitali ilisimamia petroli na moto wa plagi kwa pamoja.

Hapo ndipo boksi lilipofungwa. Kabureta unaweza kuifungua mezani, ukaosha, ukaona kila tundu. Hata D-Jetronic ilikuwa transista unazoweza kuzifuata kwa macho na mita. Motronic na wenzake walikuwa namba ndani ya chipu. Fundi alibaki na uwezo wa kung'oa boksi zima na kuweka lingine, lakini namba zenyewe zilikuwa siri ya kampuni.

Kuna watu walioikataa siri hiyo. Marekani, miaka ya 1980, wenye Buick Grand National waligundua kwamba chipu ya kumbukumbu inachomoka, na ukiichomoa unaweza kuisoma, kubadilisha namba na kuirudisha. Baadaye wapenzi wa Honda wakafanya hivyo na boksi la P28, ambalo programu yake yote inaingia kwenye kilobaiti 32. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Walikaa usiku kucha wakiitafsiri amri moja baada ya nyingine: hii ni jedwali la petroli, hii ni kasi ya mwisho, hii bado hatujui. Hakuna kampuni iliyowapa ramani. Waliichora wenyewe.

Lakini kusoma boksi la mtu mwingine kuna mwisho wake, na wengine wakauliza: si tutengeneze letu? Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha wapenzi kilianzisha mradi wa EFI332, uliopewa jina la prosesa ya Motorola 68332. Ulitaka kufanya kila kitu, na kwa mtu wa kawaida ukawa mlima.

Mwaka wa 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, wakatoa kitu kidogo zaidi. Waliipa jina MegaSquirt, na mwanzoni ilishughulikia petroli peke yake. Moto wa plagi uliachiwa mfumo wa zamani wa gari. Prosesa yake ya biti 8 ilikuwa na baiti 512 za kumbukumbu ya kazi. Jedwali la petroli lilikuwa na safu nane kwa nane: namba 64 za kuielezea injini nzima. Iliuzwa kama mfuko wa vipande, na mnunuzi akachomelea mwenyewe, kipande kimoja kimoja. Kulikuwa pia na ubao mwingine mdogo wenye vinobu, unaojifanya ni injini, ili ujaribu kazi yako mezani kabla ya kuihatarisha garini.

Ukiniuliza, uvumbuzi mkubwa wa hao wawili ulikuwa maelezo. Mwongozo ulieleza kila kipande kinafanya nini na kwa nini. Programu ilisomeka, ingawa kwa masharti kwamba itumike kwenye vifaa vyao tu. Wengine wakaja kuongeza moto wa plagi na majedwali makubwa zaidi. Baadaye Josh Stewart wa Australia akaanzisha Speeduino juu ya ubao wa Arduino Mega, ambao ulibuniwa kwa wanafunzi na wanaojifundisha. rusEFI nayo ikajengwa juu ya prosesa za STM32. Hizi mbili msimbo wake uko wazi kabisa.

Niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa pili, ada ilipokataa kuonekana. Nilikuwa nimefundishwa hesabu za transista, lakini hakuna siku tulishika nozo. Miongozo hii niliisoma kwa simu, nikanunua Arduino Luthuli Avenue, nikaifanya ifungue na kufunga nozo kuukuu juu ya meza. Tiki, tiki, tiki. Nikiongeza milisekunde, sauti inabadilika. Ni kitu kidogo sana, buda, lakini siku hiyo nilielewa kwamba boksi halina uchawi ndani. Lina hesabu ambayo mtu aliifanya, na mtu mwingine anaweza kuifanya.

Hapa kwetu E iliingia kwa wingi na mitumba ya Japani, na mafundi wa jua kali wakaipokea bila mwongozo. Wengi walijifunza kwa kubahatisha: badilisha kihisi, ikikataa badilisha kingine, ikikataa sema "ni boksi". Anayelipia huko kubahatisha ni mwenye gari. Sidhani ni uvivu wa mafundi. Ukiweka elimu kwenye chipu na kuifunga, hata fundi hodari anageuka mcheza bahati nasibu.

Sasa, kuna upande mwingine, na ni wa kweli. Anayeweza kubadilisha namba anaweza pia kuzibadilisha vibaya. Wapo wanaong'oa kichujio cha moshi na kuidanganya kompyuta ili taa isiwake, na tunaopumua moshi huo ni sisi kwenye stage. Hewa safi ndiyo iliyoleta mfumo huu, na hobi haimpi mtu ruhusa ya kutuchafulia.

Ila angalia kilichotokea Marekani mwaka wa 2015. Sheria ya hakimiliki ya 1998 ilikuwa imekataza kuvunja kufuli za programu, hata kwenye gari lako mwenyewe. John Deere waliieleza ofisi ya hakimiliki kwamba mwenye trekta ana leseni tu ya kutumia programu iliyo ndani. Watetezi wa mafundi na wapenzi wakaomba msamaha kwenye sheria. Mwezi Julai, shirika la serikali la mazingira, EPA, likapinga ombi hilo kwa hofu kwamba watu wataongeza moshi. Septemba, EPA hiyo hiyo ikatangaza kwamba Volkswagen walikuwa wameficha programu inayotambua gari likiwa kwenye majaribio na kujifanya safi. Barabarani, baadhi ya magari yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango. Volkswagen wakakiri kwamba magari karibu milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Waliofungua njia ya kuligundua jambo hilo walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliobeba vipimo na kupima moshi gari likiwa linaendeshwa barabarani. Oktoba, msamaha ukakubaliwa.

Uchafuzi mkubwa kuliko wa mpenzi yeyote wa turbo ulitoka ndani ya boksi lililofungwa, ukiwa na muhuri wa kiwanda. Kufuli haikulinda hewa. Ililinda uongo.

Ninaiandika historia hii sasa kwa sababu boksi jingine linakuja. Bodaboda za umeme zinaongezeka kila mwezi, na ndani ya betri na mota zake kuna programu inayoamua kasi, chaji, na kama pikipiki itawaka asubuhi. Dereva anayelipia pikipiki hiyo kila siku ana haki ya kujua kinachoamuliwa humo, na fundi wa kona ana haki ya kukisoma. MegaSquirt ilianza na petroli peke yake na namba 64, ikiwa na maelezo ambayo mtu wa kawaida angeweza kuyafuata. Nasi tunahitaji mwanzo wa aina hiyo, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili.