Tarehe ya Makunyanzi

Mwaka 1628, mjini Leiden nchini Uholanzi, kijana wa miaka 22 aitwaye Rembrandt alichora kichwa cha mwanamke mzee, ambaye wengi wanaamini ni mama yake. Hakushika rangi. Alipaka bamba la shaba nta, akaikwaruza kwa sindano, kisha akalitia bamba kwenye asidi. Asidi ikala shaba pale palipokwaruzwa tu. Vijitaro vikajazwa wino, karatasi ikakandamizwa juu ya bamba, sura ikatoka. Kazi ya namna hii inamfaa mzee kuliko kijana, kwa kuwa uhai wote wa kazi hiyo umo kwenye mstari, na shavu la kijana halina mistari.

Sisi wa Matiliku, Makueni nchini Kenya, chini ya kilima cha Nzaui, uzee kwetu ulionekana kwanza kwenye kigoda. Mzee wa Kikamba alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, na kilicho kizuri hasa kilipambwa kwa nyuzi nyembamba za madini zilizopigiliwa ndani ya mti. Uso wa mzee haukuchongwa. Heshima yake ilikuwa kwenye kiti alichokalia.

Uso ulikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alirudi kutoka Tanganyika akiwa amejifunza uchongaji wa sanamu kwa Wazaramo. Ujuzi ukaenea kwa jamaa na majirani, ukafika Nairobi na Mombasa, na mwaka 1963 wachongaji wakaanzisha chama chao cha ushirika Changamwe. Wamunyu iko Machakos, na Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hadi 1992, kwa hiyo historia hiyo ni yetu pia.

Mtazame mchongaji akimtoa mzee kwenye gogo la mpingo au muhugu. Tezo hutangulia, ikitafuta kichwa na mabega. Patasi hufuata, kisha kisu. Makunyanzi ya paji la uso hukatwa mwishoni, mkono ukiwa umetulia, kwa sababu mkato ukienda upande haurudishiki. Rangi ya viatu ikisuguliwa juu, huzama ndani ya mikato na kuifanya myeusi zaidi. Ni wino wa Leiden uleule, ila juu ya mti.

Lakini kuna jambo linaniuma. Wateja walitaka wazee kwa dazeni, na mkono ukazoea sura moja: mistari mitatu ya paji, ndevu, masikio yaliyotogwa. Mzee huyo amesafiri hadi Ulaya na Marekani bila jina wala kijiji, na mara nyingi bila jina la aliyemchonga.

Mwaka 1656 Rembrandt alimchora Jan Lutma, sonara wa Amsterdam aliyepita miaka 70. Mzee ameketi kwenye kiti chake, na pembeni mezani iko nyundo yake na bakuli la ufundi wake. Miaka mia tatu na zaidi imepita, na bado tunajua alikuwa nani na alikula jasho la kazi gani.

Wachongaji wa Ukambani, ufundi mnao. Mchongeni mzee mmoja mnayemjua, na kigoda chake, na chini ya sanamu andikeni jina lake, lenu na mwaka.