Kutoka Nanga Hadi Kompyuta



Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa muziki, nasi Wahaya tukarekodiwa. Mpiga nanga aliimba na kupiga papo hapo, mara moja. Sauti zile zinasikika hadi leo. Mwaka 2001 Saida Karoli wa huku kwetu alitoa Maria Salome, na kaseti zake zikaimbwa hata na wasiojua neno la Kihaya!

Nami, mtumishi wa serikali hapa Muleba mwenye gitaa, nilirekodi tungo zangu kwa programu ya Cool Edit Pro. Mwaka 2003 kampuni ya Adobe iliinunua, ikaiita Audition. Baadaye nikahamia Cubase.

Sasa, faili la kazi la kompyuta si sauti. Ni maagizo tu: gitaa lianzie wapi, besi ipunguzwe kiasi gani, na programu nyingine haiyasomi. Kwa hiyo kabla ya kuhama nilitoa kila sauti peke yake katika faili la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri zisije zikapishana. Wimbo mmoja ulikula jioni mbili, na umeme wetu mnaujua. Mwangwi niliupanga upya kwa masikio.

Mwenye kaseti za kwaya yetu ya shule azilete siku ya mkutano, kabla hazijaliwa na ukungu. Nitakuja na redio ya kaseti, waya na kompyuta.