MBA ya kazi za teknolojia: anzia kazi unayoitaka, si jina la chuo

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Malindi. Ana shahada ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, na kwa miaka mitano amekuwa akisimamia mitambo ya kompyuta hotelini. Sasa SACCO yao imemkubalia mkopo, naye anataka kusoma MBA ili aingie kwenye kampuni za teknolojia za Nairobi. Alikuwa na orodha ya vyuo vinane. "Mjomba, wewe unakaa Ruiru, vyote viko barabarani kwako. Nipeleke maombi wapi?"

Ni kweli viko barabarani kwangu. Ukitoka Thika kuelekea Nairobi unaanza na Mount Kenya, pale Thika mjini. Juja kuna JKUAT, Ruiru tuna Zetech, Kahawa kuna Kenyatta, ukifika Roysambu unakata kwenda USIU, na Ruaraka kuna KCA. Ni vyuo sita katika kilomita 40 hivi, na vyote vinafundisha biashara. Kwa kijana anayetoka Pwani, wingi huo unachanganya. Kila ombi lina ada yake na barua zake za wadhamini, na mtu akituma manane kwa pupa, yote huwa mabovu.

Nilimwambia aiweke orodha kando anitajie kwanza kazi. "Teknolojia" peke yake si kazi. Katika kampuni moja yuko anayeamua programu ifanye nini na imfae nani, ambaye huku wanamwita meneja wa bidhaa. Yuko anayeuza mifumo kwa mabenki na serikali za kaunti, yuko mchanganuzi wa data, na yuko anayechungulia tu ili kesho afungue kampuni yake. MBA inamfaa wa kwanza na wa pili. Mchanganuzi wa data haimfai sana. Huyo ni afadhali atafute shahada ya uzamili ya fani yake, kama ile ya data pale KCA, au ya mifumo ya habari pale USIU. Mwenye moyo wa uhandisi asiogope kuvuka mpaka: Carnegie Mellon ya Marekani ina tawi Kigali tangu 2011. Si shule ya biashara, lakini kwa kazi za kompyuta jina lake ni zito kuliko MBA nyingi.

Ukishajua kazi, historia ya chuo inakusaidia. KCA ilianza 1989 kama chuo cha uhasibu, na uhasibu bado ndio uti wake wa mgongo. Usiudharau. Tangu M-Pesa ianze 2007, sehemu kubwa ya teknolojia ya Kenya ni mambo ya pesa, na anayejua kusoma hesabu za kampuni ana nafasi yake. JKUAT ilianza 1981 kwa msaada wa Japani, ikifundisha kilimo na ufundi, kwa hiyo huko utapakana na wahandisi. Kenyatta ina kituo cha Chandaria cha kulea biashara changa. Mwenye wazo lake aanzie hapo. USIU inafuata mfumo wa Kimarekani na ina ithibati ya huko pia, jambo la maana kwa anayewaza kuhama. Nje ya barabara yetu iko Shule ya Biashara ya Strathmore, Madaraka, inayosifika kwa kufundisha wakubwa wa makampuni. Ukienda pale, nusu ya unachonunua ni watu utakaokaa nao darasani.

Kisha kuna saa. Madarasa mengi ya jioni huanza saa kumi na moja na nusu. Anayefanya kazi katikati ya Nairobi na kulala Ruiru atapitia Ruaraka au Roysambu akirudi nyumbani. Akichagua Madaraka, atasoma upande mmoja wa jiji na kulala upande mwingine, na saa tatu usiku bado anatafuta matatu. Nimewaona walioacha masomo kwa sababu hiyo tu, na karo wamelipa.

Lakini swali ambalo ningelipeleka mbele ya yote hata halimo kwenye vitabu vya matangazo ya vyuo: wanaoingia, wangapi wanamaliza kwa wakati? Chuo nilichosoma mimi sitakitaja. Madarasa niliyamaliza kwa mwaka mmoja na nusu, tasnifu ikanila miaka mitatu. Msimamizi wangu wa kwanza alihama, wa pili akaenda masomoni, na kila muhula nililipa ada ya kubaki kwenye daftari la chuo. Kazi niliyokuwa nikiiwania ilishachukuliwa. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: je, ni tasnifu ndefu au mradi mfupi? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Waliojiunga miaka mitatu iliyopita wako wapi? Usimuulize karani wa usajili, kazi yake ni kukusajili. Nenda jioni, simama nje ya darasa, waulize wenyewe.

Pia hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ikawa haijapitishwa.

Kuhusu pesa, sikumficha. Karo ni sehemu tu. Chumba cha Ruiru, nauli na mshahara wa Malindi atakaouacha ndivyo vitakavyomaliza mkopo. HELB ina mkopo wa Jielimishe kwa walioajiriwa, na kigezo ni mshahara, kwa hiyo aulizie kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Tena aulizie nyumbani kwanza. JKUAT na Chuo Kikuu cha Nairobi vimekuwa na matawi Mombasa, na kozi ileile ikipatikana huko, kupanda bara kuwe ni kwa ajili ya kazi.

Siku tatu baadaye alinipigia tena. Kazi anayoitaka ni kuuza mifumo kwa mahoteli, maana anaijua hoteli ndani na nje. Vyuo vinane vimebaki vitatu, na kimoja kati yao ni cha Mombasa. Atapanda gari la usiku Alhamisi, na Ijumaa jioni tutasimama nje ya darasa pale Ruaraka tukiwangoja wanafunzi watoke.